Mashine Ikitoa Ushahidi

Kila mtu aliyepata kushika fedha za watu wengine aijua taabu ya jioni. Mlango umefungwa, noti zimehesabiwa, sarafu zimepangwa mafungu mafungu, lakini jumla ya daftari haipatani na fedha iliyomo sandukuni. Kama aliandika kwa kalamu, mtu huyo atarudi nyuma mstari kwa mstari mpaka aone mahali alipokosea. Walakini kama daftari limo ndani ya kompyuta, na kompyuta yenyewe yatawaliwa na watu wengine walio mbali, yeye atarudi nyuma kwa njia gani?

Swali hili lilipata jibu baya sana katika nchi ya Uingereza. Kati ya mwaka 1999 na 2015 watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa wizi, udanganyifu au kuandika hesabu za uongo, na ushahidi juu yao ulitoka katika mashine ya hesabu iitwayo Horizon. Wengine walifungwa, wengine walifilisika, wengine walihama vijiji vyao kwa aibu. Wengi wao hawakuchukua hata senti moja. Mwishowe Bunge la nchi ile lililazimika kutunga sheria ya kufuta hukumu zao kwa jumla.

Yafaa tuyasome mambo haya kwa utaratibu. Kila mmoja wetu, awe karani, mfanya biashara, mwalimu au mtumishi wa Serikali, atakutana na swali lile lile: Serikali au kampuni kubwa ikituambia kwamba mashine yake haikosei, tuiamini kwa kiasi gani?

1. Posta ndogo na wenyewe

Posta ya Uingereza ni mali ya Serikali, lakini posta nyingi za vijijini na mitaani hushikwa na watu binafsi. Mtu hununua duka dogo, hufanya mapatano na Shirika la Posta, naye huweka dirisha moja la kuuzia stempu, kupokea akiba na kulipa pensheni za wazee. Hapewi mshahara kama karani wa Serikali. Hulipwa kwa kadiri ya kazi aliyoifanya. Katika somo hili tutawaita watu hawa wenye posta ndogo. Aghalabu ni watu wa heshima kijijini, kwa maana kila mzee humkabidhi mwenye posta fedha yake na siri zake.

Katika mapatano yao lilikuwamo sharti moja, kwamba mwenye posta atalipa upungufu wo wote uliotokea kwa uzembe wake au kwa kosa lake. Sharti hilo lenyewe si la ajabu, kwa kuwa hata mwenye duka huku kwetu humtaka mwuzaji wake afanye vivyo hivyo. Lakini katika matendo Shirika lilidai zaidi. Upungufu wo wote ulioonyeshwa na hesabu, mwenye posta aliambiwa aulipe, hata kama sababu yake haikujulikana.

2. Mashine yaletwa

Zamani hesabu za posta hizi zilifanywa kwa karatasi. Mwaka 1996 Serikali na Shirika la Posta waliagiza mashine mpya kwa kampuni iitwayo ICL, iliyokuwa chini ya kampuni ya Kijapani ya Fujitsu. Shabaha ya kwanza ilikuwa kuwalipa watu posho za Serikali kwa kadi, ili udanganyifu upungue. Mwaka 1999 mpango wa kadi uliachwa, lakini mashine ya hesabu ilibaki, nayo ikaanza kuenezwa katika maelfu ya posta za nchi nzima.

Kazi yake ilikuwa hivi. Kila mauzo na kila malipo yaliandikwa katika kompyuta iliyowekwa dirishani. Habari hizo zilipelekwa kwa njia ya simu mpaka kwenye kompyuta kubwa za kampuni. Wakati wa kufunga hesabu ulipofika, mashine ilisema ni fedha kiasi gani yapasa kuwamo sandukuni. Mwenye posta alizihesabu fedha zake na kuzilinganisha na neno la mashine.

Angalieni jambo moja hapa, kwa kuwa ndilo shina la mambo yote. Mwenye posta aliweza kuona sehemu ndogo tu ya kumbukumbu zake mwenyewe. Kumbukumbu kamili zilikaa kwa kampuni, na Shirika la Posta lilipozihitaji liliziomba huko. Mtu aliyetakiwa kujibu habari za hesabu ndiye aliyekuwa na njia ndogo kuliko wote ya kuzichunguza.

3. Upungufu usiokuwapo

Wanafunzi wa hesabu waweza kuuliza: mashine yawezaje kupoteza fedha? Jibu ni kwamba mashine haikupoteza fedha. Iliandika fedha ambayo haikuwapo.

Tuchukue mfano mwepesi wa darasani. Asubuhi sanduku lina pauni 1,000. Mteja analeta pauni 200 za akiba. Sasa sanduku lina pauni 1,200, na mashine yapaswa kusema hivyo hivyo. Lakini njia ya simu imekatika kidogo na kioo cha kompyuta kimeganda. Karani abonyeza tena, na mashine yaandika akiba ile mara mbili. Kwa hesabu ya mashine sanduku lapaswa kuwa na pauni 1,400. Jioni karani ahesabu na kuona 1,200. Mashine yasema pauni 200 zimepotea, na karani apekua kila pembe ya chumba akizitafuta, ingawa hakuna mtu aliyezileta kamwe.

Huu si mfano wa kubuni tu. Makosa ya namna hii yalitokea katika posta nyingi. Moja lilipewa jina la Callendar Square, posta ya mji wa Falkirk huko Scotland, ambapo fedha zilizohamishwa kutoka dirisha moja kwenda jingine hazikuandikwa sawasawa. Jingine lilionekana mwaka 2015 huko Dalmellington, pia Scotland. Mwenye posta alitaka kuandika uhamisho wa pauni 8,000, kioo kikaganda, akabonyeza mara kadhaa, na kila alipobonyeza mashine iliandika upya. Mwisho wake ulionekana upungufu wa pauni 24,000.

Sasa fikirini hali ya mwenye posta usiku ule. Hawezi kuanza kipindi kipya cha hesabu mpaka afunge kile cha zamani. Aweza kulipa upungufu kwa fedha yake mwenyewe. Aweza kupiga simu ya msaada, na wengi walipiga, wakajibiwa kwamba wao peke yao ndio wenye taabu hiyo. Au aweza kutia sahihi kwamba fedha zote zimo sandukuni, akitumaini kwamba kosa litajirekebisha baadaye. Lakini akitia sahihi hiyo, ameandika hesabu ya uongo, na hilo ni kosa la jinai. Hivyo kosa la mashine lilimsukuma mtu mwaminifu mpaka akafanya tendo ambalo korti ingeweza kumwadhibu kwalo.

4. Watu watatu

Majina yafuatayo yamekwisha kujulikana katika korti na magazeti ya dunia nzima, na wenyewe wamesimulia habari zao hadharani.

Bibi Jo Hamilton alikuwa na duka na posta katika kijiji cha South Warnborough, katika jimbo la Hampshire. Siku moja mashine ilionyesha upungufu wa pauni zipatazo 2,000. Alipiga simu ya msaada, akafuata maagizo aliyopewa, na mbele ya macho yake upungufu ukawa mara mbili yake. Mwishowe alidaiwa zaidi ya pauni 36,000, akaiweka nyumba yake rehani ili alipe. Mpelelezi wa Shirika aliandika katika taarifa yake kwamba hakuona ushahidi wa wizi. Hata hivyo Bibi Hamilton alishtakiwa kwa wizi, kisha akaambiwa kwamba shtaka hilo litaondolewa kama akikubali kosa la kuandika hesabu za uongo. Kwa kuogopa kifungo alikubali. Watu wa kijiji chake hawakuamini kwamba yu mwizi; walimchangia fedha na kwenda naye kortini.

Bwana Lee Castleton alishika posta ya Bridlington, mji wa pwani huko Yorkshire. Hesabu zake zilipoanza kupungua alipiga simu ya msaada mara 91. Hakupata msaada uliofaa. Alikataa kulipa pauni zipatazo 25,000, na Shirika likampeleka mahakamani kwa madai. Hakuwa na fedha ya kumlipa wakili, akajitetea mwenyewe. Mwaka 2007 alishindwa, akaamriwa kulipa gharama za kesi pauni 321,000. Alifilisika.

Bibi Seema Misra alishika posta ya West Byfleet, katika jimbo la Surrey. Alishtakiwa kuiba pauni 74,000. Kabla ya kesi aliomba mara kwa mara apewe kumbukumbu za mashine ili wataalamu wazichunguze, hakupewa zote. Mwezi wa Novemba 2010 alihukumiwa kifungo cha miezi 15. Alikuwa mja mzito, na siku ile ilikuwa siku ya kuzaliwa ya mwanawe, aliyetimiza miaka 10.

Mwaka ule ule wa 2010 watu wa Shirika na wa kampuni walikuwa wamejadiliana juu ya kosa la mashine lililogusa posta zipatazo 60. Katika karatasi yao waliandika kwamba habari hiyo ikijulikana sana, watu waweza kupoteza imani yao kwa mashine, na kesi zilizokuwa zikiendelea zaweza kuguswa. Kosa hilo halikuambiwa korti iliyomhukumu Bibi Misra.

5. Kwa nini mashine iliaminiwa?

Uingereza ni nchi yenye korti za zamani, mawakili hodari na magazeti mengi. Twapaswa kuuliza jinsi jambo kama hili lilivyoweza kuendelea kwa miaka zaidi ya 15. Sababu ni nyingi, lakini nne ni kubwa.

Ya kwanza ni sheria ya ushahidi. Sheria ya mwaka 1984 ilidai kwamba mtu anayeleta ushahidi wa kompyuta aonyeshe kwanza kuwa kompyuta ile ilifanya kazi sawasawa. Wataalamu wa sheria waliona kwamba sharti hilo linaleta usumbufu, na mwaka 1999 Bunge likalifuta. Tangu hapo korti ilidhani kwamba kompyuta yafanya kazi vizuri mpaka mtu aonyeshe sababu ya kuitilia shaka. Lakini mwenye posta angeonyesha sababu gani, naye kumbukumbu hana?

Ya pili ni kwamba Shirika la Posta lilivaa kofia nyingi. Lilidai fedha, lilikuwa na wapelelezi wake, tena huko Uingereza, ambako sheria humruhusu hata mtu binafsi kufungua kesi ya jinai, lenyewe lilikuwa mshtaki. Zaidi ya hayo ushahidi wa mashine ulitoka kwa kampuni iliyoitengeneza. Wazee wetu walionya juu ya kuipeleka kesi ya ngedere kwa nyani. Mtu aliyeshtakiwa na Polisi angalau hutazamwa na mwanasheria wa Serikali ambaye hadai deni lo lote kwake. Wenye posta wengi walioshtakiwa na Shirika hawakupata bahati hiyo.

Ya tatu ni upweke. Kila mmoja aliambiwa kwamba taabu ni yake peke yake. Mtu akisikia kwamba maelfu ya wenzake wanaitumia mashine ile ile bila matata, huanza kujishuku mwenyewe, kisha humshuku mkewe, au msichana anayemsaidia dirishani. Hii ni silaha kali sana ya wenye habari juu ya wasio na habari, wala haihitaji nguvu wala fedha.

Ya nne ni kificho. Shirika lilitangaza kwamba hakuna mtu awezaye kuingia katika hesabu za posta kutoka mbali na kuzibadili. Neno hilo halikuwa kweli. Mafundi wa kampuni waliweza, na mmoja wao aliyekwisha kuacha kazi alisema hivyo hadharani mwaka 2015 na tena mbele ya jaji. Mwaka 2013 wakili aliyeajiriwa kulishauri Shirika aliliandikia kwamba fundi aliyekuwa akitoa ushahidi kortini kwa niaba ya mashine hakueleza makosa aliyoyajua, na kwamba hafai kutumiwa tena. Waliokwisha kuhukumiwa hawakupewa barua hiyo kwa miaka mingi.

6. Jinsi ukweli ulivyotoka

Huko Llandudno, katika nchi ya Wales, alikuwako mwenye posta jina lake Alan Bates. Upungufu ulipoonekana katika hesabu zake alikataa kuulipa bila kuonyeshwa sababu. Aliandika barua baada ya barua, akatunza karatasi zake. Mwaka 2003 Shirika lilivunja mapatano yake, akapoteza fedha alizotia katika biashara ile.

Mwezi wa Mei 2009 gazeti moja la mambo ya kompyuta, Computer Weekly, liliandika habari za wenye posta saba. Katika mwaka huo huo Bwana Bates aliwaita wenzake wakutane katika ukumbi wa kijiji cha Fenny Compton, katikati ya nchi. Wengi walifika wakidhani kwamba wao ni wachache mno. Walipoketi pamoja na kusimuliana waligundua kwamba hadithi yao ilikuwa moja. Siku ile lile neno la kwamba u peke yako likafa, wakaunda chama.

Njia haikuwa fupi. Mwaka 2012 Shirika, kwa kusukumwa na Wabunge, liliwaajiri wachunguzi wa hesabu wa nje, lakini lilipoona wanachimba sana likaachana nao mwaka 2015. Ndipo wenye posta 555 walipofungua kesi moja ya pamoja. Mwaka 2019 Jaji Fraser alitoa hukumu mbili kubwa. Alisema kwamba mashine ilikuwa na makosa ya kweli yaliyoweza kuleta upungufu, na kwamba kumbukumbu za posta ziliweza kubadilishwa kutoka mbali. Shirika lilikubali kulipa karibu pauni milioni 58, lakini sehemu kubwa ya fedha hiyo ilikwenda katika gharama za kesi.

Mwezi wa Aprili 2021 Mahakama ya Rufani ilifuta hukumu za watu 39 kwa siku moja, akiwamo Bibi Hamilton na Bibi Misra. Walakini mamia walikuwa bado wangoja. Mwezi wa Januari 2024 televisheni ilionyesha mchezo juu ya maisha ya Bwana Bates na wenzake, na nchi nzima ikashikwa na hasira. Miezi michache baadaye, tarehe 24 Mei 2024, sheria ya kufuta hukumu kwa jumla ilipitishwa. Scotland nayo ilitunga yake. Kufika katikati ya mwaka 2025 zaidi ya pauni bilioni 1 zilikuwa zimelipwa kuwa fidia.

Kuna mambo ambayo fidia haiwezi kuyarudisha. Sir Wyn Williams, jaji mstaafu aliyeongoza uchunguzi wa Serikali, alitoa sehemu ya kwanza ya taarifa yake mwezi wa Julai 2025. Alieleza kwamba huenda watu 13 au zaidi walijiua kwa sababu ya mateso hayo. Alisema pia kwamba wakuu kadha wa kadha walijua, au walipaswa kujua, kwamba mashine ile yaweza kukosea.

7. Mambo ya kujifunza

Mtu aweza kusoma habari hizi akasema, “Basi turudi kwenye daftari na kalamu.” Hiyo si njia. Daftari la karatasi nalo lina wezi wake. Hufutwa, huchanwa, huungua moto, na karani mwovu huweza kuandika atakavyo. Shirika la Posta halikukosa kwa kununua kompyuta, wala halikukosa kwa kukagua fedha ya umma. Serikali isiyokagua fedha yake huibiwa. Kosa lilikuwa kuipa mashine heshima ambayo hatumpi shahidi ye yote mwenye mwili.

Shahidi akisimama kortini huulizwa: Wewe u nani? Ulikuwa wapi? Uliona mwenyewe? Umepata kusema uongo? Nani anakulipa? Mashine nayo yastahili kuulizwa maswali kama hayo. Nani aliitengeneza? Imepata kukosea mara ngapi, na orodha ya makosa hayo iko wapi? Nani aweza kuingia na kubadili maandiko yake? Nani atapata faida ikisema hivi, na nani atapata hasara? Na huyo mwenye hasara, amepewa nakala ya kumbukumbu zake?

Katika nchi zetu za Afrika Mashariki mambo haya si ya mbali. Huduma ya kupeleka fedha kwa simu ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na leo mawakala wa fedha za simu wako katika kila soko na kila stendi ya mabasi. Wakala huyo, kama yule mwenye posta wa Hampshire, ana duka dogo, ana fedha za watu, na daftari lake kubwa limo katika kompyuta za kampuni. Majina yetu na alama za vidole vyetu zimo katika madaftari ya vitambulisho. Matokeo ya mitihani, hati za ardhi na kodi, vyote vyaelekea huko huko. Kazi inakwenda upesi, na mkulima aliyekuwa akilala mjini siku mbili akingoja karatasi sasa aipata kwa dakika chache. Faida hiyo ni ya kweli. Lakini karatasi ikitoka na jina lisilo lake, au kiwanja chake kimeandikwa mtu mwingine, mkulima huyo atahitaji mahali pa kwenda na mtu wa kumsikiliza.

Nchi zetu zimeanza kuweka misingi. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda habari za watu mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, na Tanzania mwaka 2022. Sheria hizo zampa mtu haki ya kuuliza ni habari gani zake zimetunzwa na kuomba zisahihishwe zikiwa na kosa. Sheria za Kenya na Uganda zagusa pia hukumu zinazotolewa na mashine peke yake, na zampa mtu nafasi ya kutaka mwanadamu alitazame jambo lake upya. Tena ziko sheria za haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali: Uganda tangu mwaka 2005, Kenya na Tanzania tangu 2016. Lakini sheria isiyosomwa na mtu haimwokoi mtu. Bwana Castleton alikuwa na haki nyingi katika vitabu, na bado alisimama mbele ya jaji peke yake.

Kwa hiyo ninyi mlio darasani, mkipata kazi ya kushika fedha kwa mashine, anzeni na desturi tatu. Tunzeni karatasi zenu, na mwandike tarehe na saa ya kila tatizo. Msitie sahihi katika hesabu msiyoiamini, hata mkiharakishwa. Andikeni pembeni kwamba hamkubali, na sababu yake. Na mkiambiwa kwamba taabu ni yenu peke yenu, waulizeni wenzenu kabla ya kuamini.

Nanyi wanafunzi wa zamani, ambao wengine wenu mmekuwa wakaguzi, mawakili, mahakimu na mafundi wa kompyuta, neno lenu ni zito zaidi. Katika habari hii fundi alijua, wakili alijua, mkuu wa ofisi alijua, na kila mmoja aliona kwamba kusema si kazi yake. Fundi anayeandika orodha ya makosa ya mashine yake na kuiweka wazi haiaibishi kampuni. Hakimu anayeuliza, “Kumbukumbu kamili ziko wapi, na mshtakiwa ameziona?” hacheleweshi kazi ya korti. Bibi Misra aliuliza swali hilo mwaka 2010. Kama mtu mmoja mwenye cheo angeliuliza pamoja naye, yaelekea asingalikwenda gerezani.

Maswali ya kujibu na ya mjadala

1. Eleza kwa maneno yako mwenyewe jinsi mashine iwezavyo kuonyesha upungufu wakati fedha haikuibiwa. Tumia tarakimu zako.

2. Kwa nini wenye posta wengine walikubali makosa ambayo hawakuyatenda? Je, wewe ungefanyaje ukiwa na watoto wa kulisha?

3. Kama kompyuta ikitoa ushahidi kortini, nani apaswa kuthibitisha: mwenye kompyuta, kwamba haikukosea, au mshtakiwa, kwamba imekosea? Toa sababu za pande zote mbili.

4. Mwulize wakala wa fedha za simu aliye karibu na kwenu: hesabu zisipopatana jioni, yeye hufanya nini, na nani humsikiliza? Andika majibu yake bila kutaja jina lake.

5. Mjadala wa Chama: “Serikali isiruhusiwe kuweka habari za raia katika mashine ambayo raia mwenyewe hawezi kuikagua.” Upande mmoja uunge mkono, na upande wa pili upinge.